Namba Mbili ya Kijiji Kizima

Nilizaliwa Nyakatuntu, upande wa Kyerwa, nikaolewa Karagwe nikiwa na miaka ishirini na mmoja. Kijiji nilichoolewa sitakitaja. Watu nitakaowaeleza hapa bado wapo, tunasalimiana kila siku, na wengine tunakaa nao benchi moja kanisani. Inatosha kusema kwamba kiko mlimani, vibanja vya migomba na kahawa vimeshikana nyumba kwa nyumba, na huko chini ardhi inafunguka kuwa rweya, uwanda wa majani ambako wafugaji wanachunga ng'ombe wao.

Maji ya kijiji kizima yanatoka kwenye chemchemi moja iliyo kati ya sisi na wao. Mwanangu wa pili alifariki kwa kuhara akiwa na mwaka mmoja na nusu. Tabibu wa zahanati hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Mama, maji mnachota wapi?" Nilipomwambia, aliinamisha kichwa akaendelea kuandika. Wiki moja baada ya mazishi nilichukua jembe nikashuka kwenye chemchemi, nikaanza kuzoa tope.

Sikuacha tena. Kila Jumamosi nilikuwa pale. Nilichimba mfereji wa kupitisha maji machafu, nikapanda uzio wa minyaa kuzuia ng'ombe, nikagombana na wachungaji wao mpaka wakazoea kunyweshea upande wa chini. Kulikuwa na jirani mmoja ambaye kibanja chake kinapakana na chemchemi. Huyu alipanda mikaratusi mita chache kutoka kwenye jicho la maji. Mikaratusi inakunywa maji kuliko ng'ombe. Nilikwenda kwake mara tatu kwa upole, mara ya nne nikaenda na mwenyekiti wa kijiji, na miti ikang'olewa. Tangu siku hiyo akinisalimia anatazama pembeni.

Miaka ikapita hivyo. Watu wakaanza kuniita mama wa maji. Wageni wa serikali wakija waliletwa kwangu kwanza. Mradi ulipokuja kujenga tangi na kuvuta mabomba, mafundi waliniuliza mimi wapi maji huongezeka wakati wa masika, na kazi ilipokwisha walinikabidhi ufunguo wa geti la chanzo. Sikusaini popote. Nilipewa tu, kama kitu ambacho kilikuwa changu siku zote.

Halafu tukaambiwa tunatakiwa kuwa na jumuiya ya watumia maji yenye kamati iliyochaguliwa. Viti vitatu. Zamani tulichagua kwa kunyoosha mikono, na kwa kuwa sisi wa mlimani ni wengi, kila kamati ilikuwa yetu sisi wenye migomba. Wafugaji wa rweya hawakuwahi kupata hata kiti kimoja. Waliomba birika la kunyweshea mifugo miaka na miaka, na miaka na miaka barua yao ilisomwa na watu ambao hawana ng'ombe.

Mtaalamu wa mradi alisema safari hii haitakuwa hivyo. Alikuwa kijana wa Kitanzania, mpole, aliyewahi kusoma Skotlandi. Alituambia kwamba huko madiwani wa halmashauri huchaguliwa kwa namba. Huweki alama kwa mtu mmoja. Unaandika moja kwa unayemtaka zaidi, mbili kwa anayemfuata, tatu, mpaka utakapochoka. Mgombea akifikisha kura za kutosha anapita. Asipopatikana, yule wa mwisho anatolewa, na karatasi zake hazitupwi: zinafunguliwa na kupewa wale walioandikwa namba mbili. Kwa njia hiyo, alisema, hata walio wachache wanapata mtu wao.

Tulimwangalia tu. Akaona hatujaelewa, akaamua tufanye majaribio kwa vyakula. Aliandika ubaoni matoke, ugali, wali, viazi na maharage, akatugawia vipande vya karatasi. Matoke yaliongoza, hilo hata asingehesabu. Lakini maharage yalitolewa kwanza kabisa. Mzee mmoja akapinga: "Haiwezekani! Mimi mwenyewe nimeandika maharage." Mtaalamu akamuuliza aliandika namba ngapi. "Mbili," mzee akasema, na karibu darasa zima likasema, "Na mimi!" Mtaalamu akatabasamu, akaeleza kwamba namba mbili ya mtu haisomwi mpaka namba moja yake itolewe, na matoke hayakutolewa. Tulicheka sana. Mimi nilicheka mpaka nikafuta machozi.

Tulijitokeza wagombea sita, na mwanamke nilikuwa peke yangu. Wa kwanza alikuwa shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, mtu wa sauti, ambaye katika ukoo wao hakuna harusi wala matanga yanayoanza kabla hajafika. Wa pili alikuwa mfugaji wa rweya, mtu wa maneno machache. Wa tatu, jirani yule wa mikaratusi. Kulikuwa pia na mwalimu wa shule ya msingi, na mzee mmoja mstaafu wa kanisa. Na mimi.

Sikufanya kampeni. Ningesema nini ambacho hawakukiona kwa macho yao? Hata hivyo watu walinisimamisha njiani. Jirani yangu wa karibu, mwanamke ambaye nilikaa naye wodini siku tatu alipojifungua kwa shida, alinishika mikono yote miwili. "Mama, kwenye karatasi yangu upo," aliniambia. Wanakwaya wenzangu walisema hivyo hivyo. Kijana wa bodaboda alinipigia honi akapaza sauti, "Mama wa maji, upo!" Upo, upo. Nilirudi nyumbani nimeshiba maneno hayo, na sikumuuliza mtu hata mmoja, nipo namba ngapi.

Siku ya kupiga kura nilivaa kitenge changu cha Krismasi. Niliingia nyuma ya pazia, na kwenye karatasi nikaikuta picha yangu ya nne kutoka juu. Nilisita. Tulivyolelewa, mtu hajipakulii kwanza. Lakini nilikumbuka tope lile lote, nikajiandikia moja. Mbili nikampa mfugaji, kwa sababu niliona ni haki. Nilitoka pale mashavu yakiniwaka, kana kwamba kila mtu ameniona.

Kura zilihesabiwa mchana ule ule, kwenye darasa la sita, watu wamejaa mpaka madirishani. Sisi wagombea tulikalishwa mbele, karibu na meza, ili tuone kila karatasi. Zilikuwa mia moja na ishirini, na mtaalamu akaandika ubaoni kwamba atakayefikisha thelathini na moja amepita. Akaanza kufungua. Alisoma jina lenye namba moja, akatuonyesha karatasi, karani akachora kijiti ubaoni.

Vijiti vya shemeji vilikua haraka. Vya mfugaji vikamfuata. Jirani wa mikaratusi, mwalimu, mzee wa kanisa, kila mmoja akawa na fungu lake. Chini ya jina langu kulikuwa na vijiti viwili, kisha vitatu. Nilijiambia karatasi zangu ziko chini ya sanduku. Nilikuwa naziona namba zinavyopita mbele yangu. Moja kwa shemeji, mbili kwangu. Moja kwa mfugaji, mbili kwangu. Moja kwa mwalimu, mbili kwangu. Mbili, mbili, mbili.

Katikati ya kazi ile ilifunguliwa karatasi moja, mtaalamu akasoma jina la shemeji, akatuonyesha kama alivyoonyesha nyingine. Moja yake ilikuwa na kofia kubwa na mguu mrefu chini. Mbili yake ilikuwa na kitanzi kwenye kona. Nimeziona namba hizo kwenye magunia ya kahawa kila msimu kwa miaka yote niliyoishi kwenye nyumba yetu. Hakuna mtu mwingine kijijini anayeandika mbili ya namna hiyo. Kwenye kisanduku changu kilikaa kitanzi kile, kimeandikwa vizuri, kwa utulivu, na mtu asiye na haraka.

Niligeuka. Mume wangu alikuwa amesimama dirishani pamoja na wanaume wenzake, anafuatilia vijiti vya kaka yake.

Hesabu ilipokwisha, shemeji alikuwa na thelathini na moja kamili. Mfugaji ishirini na tisa. Jirani wa mikaratusi ishirini. Mwalimu kumi na nane. Mzee wa kanisa kumi na tatu. Mimi tisa, na moja kati ya hizo tisa nilijiandikia mwenyewe.

Mtaalamu alikohoa kidogo. Alisema kwa kuwa mmoja tu ndiye aliyefikisha kiwango na hana kura za ziada za kuwagawia wengine, sasa anatolewa wa mwisho. Hakunitaja kwa sauti. Alipiga tu mstari wa chaki juu ya jina langu, akachukua karatasi zangu tisa akazifungua upya. Mbili zilikwenda kwa mfugaji, naye akapita. Moja kwa mwalimu, moja kwa mzee. Tano, nadhani zote za watu wa upande wa chemchemi, majirani zake na majirani zangu, zilikwenda kwa yule bwana wa mikaratusi. Baadaye mzee wa kanisa naye alitolewa, na karatasi zake zikamalizia kumpandisha yule bwana mpaka kwenye kiti cha tatu. Alisimama akapeana mikono na kila mtu. Aliponifikia alisema, "Asante, mama," na safari hiyo hakutazama pembeni.

Nyuma yangu sauti ya mwanamke ilisema polepole, "Kama maharage." Hakuna aliyecheka. Nadhani hakukusudia ubaya.

Watu walipotawanyika nilibaki. Mtaalamu alikuwa anazifunga karatasi kwenye bahasha. Nilimwomba kitu kimoja.

"Mwanangu, nihesabie namba mbili zangu."

"Mama, hazina kazi tena," alisema. "Matokeo hayawezi kubadilika."

"Najua. Nihesabie."

Alinitazama, akafungua bahasha. Tulihesabu pamoja kwenye dawati. Zilikuwa sabini na moja. Kati ya watu mia moja na ishirini, sabini na mmoja walinitaka mimi baada ya mtu mwingine. Alizirudisha ndani taratibu. Akasema, kama mtu anayetafuta neno la kufariji, "Hakuna mgombea mwingine aliyependwa na watu wengi namna hii." Nilimshukuru. Ningeweza kumpiga.

Nje alikuwa ananisubiri mfugaji. Aliivua kofia yake. "Shikamoo, mama," alisema, ingawa hatupishani sana umri. "Sikufichi. Sisi wa rweya tulikaa tukakubaliana, namba moja mimi, namba mbili wewe. Tulijua wa mlimani watakupa namba moja. Wewe ni wao." Kati ya wote aliyeniambia ukweli bila kuulizwa ni huyo. Nilimpongeza kwa moyo. Alistahili, na ng'ombe wake walistahili maji.

Jioni ile nilirudi nyumbani. Nilipika, nikapakua, nikaosha vyombo. Asubuhi tulikwenda kuchuma kahawa, mume wangu mstari mmoja na mimi mstari wa pili, matawi kati yetu. Nikamuuliza.

"Baba watoto, namba moja ulimpa nani?"

"Kura ni siri," alisema.

"Mkono wako naujua."

Niliisikia kahawa ikidondoka kwenye kikapu chake, kisha ikaacha kudondoka.

"Kaka angeniuliza," alisema.

"Na mimi je, nisingekuuliza?"

"Wewe nilijua unazo. Kila mtu alikuwa anakutaja. Nikasema kura yangu moja itakupunguzia nini?"

"Sabini na mmoja walisema hivyo hivyo," nilimjibu.

Alirudi kuchuma. Halafu aliniambia kwamba tawi lililo mbele yangu lina kahawa mbichi, nisizichanganye.

Nimejaribu kuwa na haki kwake. Hakunipiga maishani, hakunywa rubisi mpaka akalala njiani, mtoto wetu alipofariki alilia mbele za watu bila kuona aibu. Labda ndiyo maana iliniuma hivyo. Mtu mbaya ungemtarajia. Yeye alikwenda nyuma ya pazia ambako hakuna aliyemwona, si kaka yake, si mimi, si yeyote, na hata kule peke yake alikuwa anamwogopa kaka yake kuliko anavyoniheshimu mimi.

Siku ya tatu shemeji alikuja nyumbani. Nilimpikia chai. Alikunywa kikombe kizima akizungumzia mvua, halafu akasema, "Shemeji, kamati imenituma nichukue ule ufunguo wa chanzo." Nilimuuliza nani atautunza. Akasema yule bwana jirani wa chemchemi, kwa sababu anaishi karibu. Nilikwenda chumbani nikautoa chini ya godoro nikampa. Aliupokea kwa mikono miwili, kwa heshima zote, akaniombea baraka.

Ningependa kuandika kwamba maji yalikauka na watu wakaja kwangu wanalia. Haikuwa hivyo. Kamati ilifanya kazi. Birika la ng'ombe lilijengwa, na ugomvi wa mlima na rweya ukapungua kuliko wakati wowote ninaoukumbuka. Koki zilitoa maji. Jirani yangu wa wodini aliniambia siku moja, tukiwa kwenye foleni na ndoo zetu, "Unaona, mama, sasa umepumzika." Nilitaka kumuuliza kama yeye alikuwa kati ya wale wanane walioniandika namba moja. Kwa miezi mingi nilikuwa nawatafuta wale wanane. Kanisani wakati wa mahubiri niliwapitia watu uso kwa uso, nikimpa huyu, nikimnyang'anya yule. Niliwaharibia wengi sura zao. Mpaka leo kuna wanawake ambao siwezi kucheka nao kwa sababu ya jambo ambalo huenda hawakulifanya.

Mwaka wa pili nilipita karibu na chanzo nikaona miche ya mikaratusi, imefika magotini, mstari mzima ndani ya uzio. Nilikwenda kwa shemeji. Alinisikiliza, akasema, "Andika barua kwa kamati, shemeji. Tutaijadili." Niliandika. Mimi ni katibu wa kina mama kanisani, kuandika barua hakunishindi. Wiki nne hazikuleta jibu. Basi nikateremka rweya kumwona mfugaji. Hakuuliza barua iko wapi. Alichukua jembe, tukaruka uzio pamoja, tukang'oa mche mmoja mmoja mpaka wa mwisho.

Nikaitwa kwenye mkutano. Kosa langu lilikuwa kuingia eneo la chanzo bila ruhusa ya jumuiya. Mfugaji alisimama akasema kama kuna kosa ni la wawili, na kwamba yeye ni mjumbe na ameruhusu. Wakabishana. Mwisho wakaamua miche isirudishwe, lakini mimi nionywe kwa maandishi, kwa sababu utaratibu ni utaratibu. Onyo lilisomwa mbele ya watu na shemeji yangu. Mume wangu alikuwa amekaa safu ya tatu. Nilimtazama muda wote lilipokuwa linasomwa. Alikuwa anakwangua udongo kwenye kiatu chake kwa kijiti.

Barua ile ya onyo ninayo. Ndiyo karatasi pekee iliyopata kuandikwa kuhusu mimi na chemchemi ile.

Kipindi cha kamati kilipokwisha, uchaguzi ulifanyika tena. Mradi ulikuwa umeondoka na mtaalamu wake, na watu wengi walisema zile namba zinachosha kichwa, turudi kwenye mikono, ila kiti kimoja kiwe cha rweya. Ikakubaliwa. Tulikutana uwanjani asubuhi. Jirani yangu wa wodini alisimama akanipendekeza. Watu wakapiga makofi, makofi ya kweli, marefu. Wanakwaya wakaanza kuniimbia. Nilisimama, nikasubiri wanyamaze.

"Nashukuru," nilisema. "Jina langu liondoeni."

"Mama, waitu, mama yetu, usituadhibu!" mtu mmoja alipaza sauti.

"Siwaadhibu. Liondoeni."

Nilikaa chini. Waliendelea bila mimi, na niliponyoosha mkono nilimnyooshea mfugaji tu.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi na mume wangu. Amezeeka, mlima unamsumbua sasa, ilibidi tusimame mara mbili apumue. Tuliposimama mara ya pili alisema, akitazama chini kwenye rweya:

"Leo mkono wangu ungekuwa wa kwanza kunyooka."

"Najua," nilimwambia. "Leo watu wangekuona."

Tulipanda, yeye mbele na mimi nyuma. Tulipofika kwenye nyumba ya kaka yake, alikata kona akaingia kumsalimia. Mimi niliendelea na njia.